Elimu ya Mazingira Vyuoni Ianzie kwenye Maji ya Meru

Ifikapo tarehe 5 Juni kila mwaka, Siku ya Mazingira Duniani, vyuo vingi nchini hufanya yale yale. Wanafunzi huvaa fulana zenye maandishi, hupanda miche pembezoni mwa viwanja, husikiliza hotuba kuhusu mabadiliko ya tabianchi, hupigwa picha, kisha hurejea madarasani. Hakuna ubaya katika lolote kati ya hayo. Mti uliopandwa ni mti, na mabadiliko ya tabianchi ni jambo la kweli. Kasoro ni kwamba elimu ya namna hiyo ingeweza kutolewa popote, kwa maneno yale yale, bila mtoaji wala mpokeaji kujua chochote kuhusu ardhi anayoikanyaga. Katika Jiji la Arusha na vijiji vinavyouzunguka Mlima Meru kasoro hiyo ina gharama, na wanaoilipa ni watoto ambao hata umri wa kuanza shule hawajaufikia.

Mlima Meru, wenye kimo cha zaidi ya mita 4,560, ni volkano iliyolipuka mara ya mwisho mwaka 1910. Majivu na miamba yake ndivyo vilivyowapa wakazi udongo wenye rutuba unaostawisha migomba, kahawa, mahindi na mboga. Miamba hiyo hiyo imebeba madini ya floraidi kwa wingi. Maji ya mvua yanapopenya ardhini huyayeyusha madini hayo, na kwa kuwa maji ya eneo hilo yana asili ya magadi na yana kalsiamu kidogo, floraidi hubaki imeyeyuka badala ya kutuama. Hivyo huibuka pamoja na maji katika chemchemi, mito na visima. Katika maziwa ya Momela, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, vipimo vimewahi kufikia mamia ya miligramu za floraidi katika kila lita.

Wenyeji waliyatazama maji yao tangu zamani na wakayapa majina. Maji ya Chai, kando ya barabara ya Arusha kwenda Moshi, ni jina lililotokana na rangi ya mto. Ngarenanyuki, upande wa kaskazini mashariki wa mlima, kwa Kimaasai ni maji mekundu. Lakini floraidi yenyewe haina rangi, haina harufu, na kwa viwango vinavyopatikana katika visima vingi haina ladha. Maji maangavu ya kisima yanaweza kuwa na madhara kuliko maji yenye rangi ya chai. Hapo ndipo jicho la mwenyeji, hata likiwa na uzoefu wa vizazi vingi, linapohitaji msaada wa maabara. Na maabara ziko vyuoni.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba floraidi katika maji ya kunywa isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania, katika miaka ya 1970, ililazimika kuruhusu hadi miligramu 8 kwa maji ya vijijini kama kiwango cha muda, kwa sababu kufunga kila chanzo kilichozidi kiwango cha kimataifa kungewaacha watu wengi bila maji kabisa. Baadaye kiwango kikashushwa hadi miligramu 4, na mwaka 2018 kikafikishwa 1.5. Katika muda wote huo miili ya watu haikubadilika. Mtoto aliyekunywa maji ya miligramu 8 mwaka 1980 aliathirika sawasawa na atakayeyanywa leo. Kilichobadilika ni maandishi ya sheria na uwezo wa nchi. Tena, maandishi yametangulia mbele ya mabomba, maana vyanzo kadhaa vinavyotegemewa katika vijiji vya Meru bado vina floraidi mara kadhaa ya kiwango hicho.

Kiasi kidogo cha floraidi huyakinga meno yasioze, ndiyo maana hutiwa katika dawa za meno. Kikizidi, hugeuka sumu ya polepole. Meno ya kudumu hujengeka ndani ya taya miaka mingi kabla ya kuchomoza. Mtoto akipata floraidi kupita kiasi katika kipindi hicho, enameli, yaani gamba gumu la nje la jino, hujengeka ikiwa dhaifu na yenye vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Jino linapochomoza huwa limekwisha kuharibika: madoa meupe kama chaki, mistari ya kahawia, na katika hali kali mashimo na kumeguka. Hali hiyo huitwa florosisi ya meno. Mswaki hauiondoi, wala mkaa, wala ndimu. Mtu mzima aliyehamia Arusha na meno yake yakiwa yamekwisha kukomaa hapati madoa hayo, lakini mifupa yake haina kinga ya namna hiyo. Floraidi hujikusanya mifupani mwaka baada ya mwaka, na kwa wanaokunywa maji yenye viwango vya juu sana huleta maumivu ya viungo, ukakamavu wa shingo na mgongo, na kwa watoto miguu iliyopinda. Lishe yenye upungufu wa kalsiamu huzidisha madhara.

Watanzania wengi hudhani wanaweza kumtambua mtu wa Arusha kwa meno yake, na hulisema hilo kwa mzaha. Kijana anayefunika mdomo kwa kiganja kila anapocheka hauoni mzaha huo. Kuna pia wanaobebeshwa lawama ya uchafu, wakiambiwa hawapigi mswaki, kwa kosa ambalo si lao: walikunywa maji yaliyokuwepo.

Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji. Methali hiyo husemwa kuhusu malezi, lakini inalifafanua jino kuliko maelezo mengi ya kitabuni. Meno ya mbele ya juu, yale yanayoonekana mtu anapotabasamu, hujenga enameli yake hasa katika miaka mitatu hadi minne ya mwanzo wa maisha. Meno mengine ya kudumu, ukiacha magego ya mwisho, hukamilisha kazi hiyo kufikia takriban umri wa miaka minane. Baada ya hapo udongo umekauka.

Sasa na upimwe muda huo kwa kalenda ya chuo. Shahada nyingi za kwanza huchukua miaka mitatu, na shahada ya udaktari wa binadamu miaka mitano. Mtoto aliyezaliwa Ngarenanyuki siku mwanafunzi aliporipoti chuoni, siku mwanafunzi huyo atakapovaa joho la mahafali, hatima ya meno yake ya mbele itakuwa imekwisha kuamuliwa au inakaribia kuamuliwa. Tasnifu iliyoandikwa juu ya maji ya kijiji hicho, ikikaa kabatini miaka minane bila kuwafikia wanakijiji, itakuwa imekaa kwa muda wote ambao meno ya mtoto mmoja yangeweza kuokolewa. Elimu ya mazingira isiyojua kuhesabu muda kwa namna hiyo imekosa jambo la msingi kuhusu mazingira: nayo yana saa yake, na haiendi kwa mihula.

Wala eneo la Meru halina uhaba wa wasomi. Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Afrika ya Nelson Mandela iko Arusha, upande wa Tengeru, ambako pia kuna Taasisi ya Maendeleo ya Jamii. Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira na Chuo Kikuu cha Arusha viko Usa River, mwendo mfupi kutoka Maji ya Chai. Mjini kuna Chuo cha Ufundi Arusha na Chuo cha Uhasibu Arusha. Ngurdoto, katika wilaya ya Meru, kuna kituo cha utafiti cha Wizara ya Maji kinachoshughulikia uondoaji wa floraidi. Ni nadra kupata eneo ambalo tatizo moja la mazingira limezungukwa na walimu, wahandisi, wahasibu, wanasheria na wanasayansi wanafunzi wengi kiasi hicho. Hata hivyo wengi wao humaliza masomo wakiwa wamefundishwa juu ya kuyeyuka kwa barafu ya ncha za dunia, na hawajawahi kuambiwa kiwango cha floraidi katika maji yanayopikiwa ugali wa chuo chao.

Wazo la kuanzia hapa tulipo si geni wala si la kuazima. Mkutano wa kimataifa juu ya elimu ya mazingira uliofanyika Tbilisi mwaka 1977 ulisisitiza kwamba elimu hiyo ihusishwe na matatizo halisi ya jamii, na wanafunzi washiriki kuyatatua. Lakini miaka kumi kabla ya Tbilisi, Machi 1967, wiki chache baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Julius Nyerere alikuwa ameandika juu ya Elimu ya Kujitegemea, akipinga shule inayomtenga mwanafunzi na jamii iliyomlea. Ingekuwa ajabu kama mji ulioipa jina siasa hiyo ungekuwa ndio mahali ambapo mwanafunzi anaishi juu ya tatizo bila kuliona. Nayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inamtambulia kila mtu anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Haki isiyopimwa hubaki kuwa maneno mazuri.

Yafaa basi kusema waziwazi kile ambacho vyuo vingefanya. La kwanza ni dogo: kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, wa fani yoyote, ajue maji anayokunywa yanatoka wapi na yana nini. Kipimo cha floraidi si cha gharama ya kutisha kwa chuo chenye maabara ya kemia, na matokeo yakibandikwa penye bomba yatafundisha zaidi ya mihadhara mitatu.

La pili linawahusu wanafunzi wa afya. Hufundishwa kumuuliza mgonjwa historia ya ugonjwa, ya familia na ya dawa. Swali la maji mara nyingi huja mwisho, kama linakuja. Mtoto mwenye matege anaweza kuwa na upungufu wa vitamini D au kalsiamu, anaweza kuwa na athari za floraidi, na anaweza kuwa na yote kwa pamoja. Daktari asiyeuliza chanzo cha maji atatibu nusu ya ugonjwa. Katika mafunzo ya vitendo vijijini, kila mwanafunzi angepaswa kumfuata mgonjwa mmoja nyuma hadi kwenye chanzo chake cha maji: kutoka kitandani hadi jikoni, kutoka jikoni hadi bombani au mtoni, na kutoka hapo kwenda mlimani. Atakayeifanya safari hiyo mara moja hatahitaji kukumbushwa kwamba mazingira ni sehemu ya tiba.

La tatu ni kugawana kazi, na hapa mfano wa mkaa wa mifupa unafaa. Mifupa ya ng'ombe ikichomwa kwa joto linalodhibitiwa hutoa mkaa unaonasa floraidi, na njia hiyo imefanyiwa kazi Ngurdoto kwa miaka mingi. Kiasi cha mkaa kwenye ndoo yenye bomba dogo kinaweza kusafisha maji ya kunywa na kupikia ya familia. Lakini mkaa huo hushiba. Baada ya muda hauwezi kunasa tena, na maji yanayotoka huonekana vilevile kama jana. Kinachoamua iwapo mtoto atalindwa, basi, ni maswali ambayo kemia peke yake haiyajibu. Nani ataleta mkaa mpya, kwa bei gani, na nani atapima ili ijulikane umeshiba? Familia itafanyaje mwezi ambao fedha hazipo? Yupo anayechukizwa na wazo la kunywa maji yaliyopita kwenye mifupa, na je, amesikilizwa au amepuuzwa? Mwanafunzi wa uhasibu, wa ufundi, wa maendeleo ya jamii na wa theolojia wote wana kazi hapo. Kwa kawaida kila mmoja huandika tasnifu yake peke yake, juu ya mambo mengine kabisa.

Kwamba msomi wa hapa anaweza kuanza na tatizo la hapa kumekwisha kuthibitishwa. Dkt. Askwar Hilonga, mzaliwa wa Karatu na mhadhiri wa Taasisi ya Nelson Mandela, alibuni chujio linalounganisha mchanga na chembe ndogo sana za nano, linaloweza kurekebishwa kulingana na uchafu wa maji ya eneo husika, floraidi ikiwemo. Mwaka 2015 alikuwa mshindi wa kwanza kabisa wa Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi itolewayo na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza. Funzo kwa wanafunzi si kwamba kila mmoja apate tuzo. Funzo ni kwamba swali lake lilitoka kijijini kwake.

La nne, na ndilo linalosahaulika zaidi, ni kurudisha majibu. Sampuli nyingi za maji, mkojo na picha za meno zimechukuliwa katika vijiji vya Meru. Mama aliyekubali meno ya mwanawe yakaguliwe anastahili kujua kilichoonekana, kwa Kiswahili kinachoeleweka, kabla ya mtafiti kutunukiwa shahada. Chuo kingeweza kuweka sharti jepesi: utafiti wowote wa mazingira usikubaliwe kuwa umekamilika mpaka matokeo yake yasomwe katika mkutano wa kijiji kilichotoa sampuli.

Kuna hoja za upande wa pili, nazo ni za haki. Wapo wanaosema mitaala imejaa. Ni kweli, lakini pendekezo hapa haliongezi somo. Linabadili mifano ndani ya masomo yaliyopo. Kemia ya ioni inaweza kufundishwa kwa floraidi kama kwa chumvi nyingine yoyote. Wapo wanaosema kutoa maji salama ni wajibu wa Serikali, si wa wanafunzi. Hilo nalo ni kweli. Mradi mkubwa wa maji wa Jiji la Arusha, wa takriban shilingi bilioni 520, ambao sehemu kubwa ya fedha zake ni mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ulihusisha kuyatafuta maji hadi wilaya ya Hai, na hakuna kundi la wanafunzi linaloweza kufanya kazi ya namna hiyo. Lakini bomba kubwa hufika mjini kwanza. Kati ya leo na siku litakapofika kwenye kitongoji cha mwisho kuna watoto wanaozaliwa, na hao hawawezi kusubiri.

Hoja nzito zaidi ni ya tatu: kwamba wanafunzi wataingia vijijini, watatoa hofu, kisha wataondoka. Kumwambia mama kwamba maji yake yana madhara bila kumwonyesha mengine ni ukatili unaovaa sura ya elimu. Anaweza kuyaacha maji ya bomba yenye floraidi akachota ya mfereji yenye kipindupindu. Ndiyo maana kazi hii haifai kuwa ya wiki moja ya Juni. Inahitaji kijiji kimoja, chuo kimoja na miaka mingi, kundi moja la wanafunzi likiikabidhi kwa jingine. Na wanakijiji si watu wa kuhubiriwa. Wameru walipohamishwa kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki mwaka 1951, walimtuma Kirilo Japhet hadi Umoja wa Mataifa, New York, mwaka 1952, kuitetea ardhi yao. Jamii iliyofanya hivyo inaweza kukaa meza moja na chuo na kukiuliza maswali magumu.

Wakati vyuo vikijipanga, yapo ambayo mhudumu wa afya anaweza kumwambia mzazi leo kliniki. Maziwa ya mama yana floraidi kidogo sana hata pale mama mwenyewe anapokunywa maji yenye floraidi nyingi. Hivyo kunyonyesha maziwa pekee kwa miezi sita ni kinga. Hatari huanza na uji wa kulikiza, na kama familia ina maji salama machache, ya mtoto chini ya miaka minane yatengwe kwanza, ya kunywa na ya kupikia pia. Maji ya mvua yakivunwa kwenye bati safi na kuhifadhiwa kwenye tangi lililofunikwa karibu hayana floraidi. Kuchemsha maji kuendelee, kwa sababu huua vijidudu, lakini ieleweke kwamba hakuondoi floraidi. Maji yakichemka hadi kupungua, floraidi iliyobaki huzidi kukolea. Magadi yanayotiwa kwenye maharagwe na makande yaliive upesi huweza kuwa na floraidi nyingi, hivyo chakula cha mtoto kipikwe bila magadi. Maharagwe yaliyolowekwa usiku kucha huiva bila kuhitaji magadi. Dawa ya meno ya mtoto iwe kidogo, naye afundishwe kuitema. Mwenye meno yaliyokwisha kubadilika rangi asifichwe ukweli wala asikatishwe tamaa: madaktari wa meno wanaweza kuyajaza au kuyafunika, ingawa enameli ya asili hairudi.

Ushauri huu wote unaweza kuandikwa kwenye ukurasa mmoja, na mwanafunzi yeyote wa Arusha angeweza kuubeba kichwani. Hapo ndipo mtihani wa elimu ya mazingira unapopaswa kuwekwa. Chuo kinachotaka kujua kama kimewafundisha wahitimu wake kisihesabu miche iliyopandwa wala vyeti vilivyogawiwa. Kiende katika kijiji kilicho jirani, kimtafute mtoto wa miaka mitatu, na kiulize maji yaliyo kwenye kikombe chake yametoka wapi. Kama hakuna anayejua, si kijijini wala chuoni, basi somo bado halijaanza.